Subira ya Mtafiti

Elimu haipatikani pasipo subira. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari mpasuaji wa Boston, Marekani, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita milimita chache usipootesha mishipa mipya ya damu ya kuulisha. Wanasayansi wengi walimbeza. Hakukata tamaa, mwaka 1984 yeye na wenzake wakatangaza kuitenga protini inayochochea mishipa hiyo. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara akabainisha nyingine, na mwaka 2004 Marekani ikaidhinisha dawa ya kuizuia kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Folkman alifariki mwaka 2008, matunda ameyaona. Basi mtoto akituuliza jambo geni tusimcheke; tumhimize atafute ushahidi, na avute subira.