Raga ya Kampala: Nani Atatwaa Ubingwa Msimu Ujao?

Msimu mpya wa ligi ya raga unapokaribia, kila mpenzi wa mchezo huu mjini Kampala hugeuka mtabiri. Lugogo, Bweyogerere, katika mabweni ya Makerere na hata katika mabwalo ya askari, swali huwa ni moja: nani atatwaa ubingwa? Majibu hayakosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni sababu. Mtu huitaja klabu yake, akapiga meza kwa kiganja, na mjadala ukaishia hapo.

Leo nasi tunajitosa katika kazi hiyo ya kubashiri, ila tungependa kuifanya kwa utaratibu. Sisi tuliopitia chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba kabla ofisa hajatoa amri hana budi kupima hali: ardhi ilivyo, nguvu za upande wa pili, nguvu zake mwenyewe, na wakati alio nao. Anayeruka kimoja kati ya vipimo hivyo huwalipisha wengine gharama ya uvivu wake. Raga ni mchezo, wala hatuna nia ya kuifananisha na vita. Hata hivyo vipimo hivyo vinne havipungui thamani vikipelekwa uwanjani.

Funzo la Namboole

Tuanze na funzo tulilolipata hapa hapa nyumbani. Mwezi wa Julai 2025 Kombe la Afrika la raga lilichezwa Kampala, na bingwa alikuwa akingojewa na tiketi ya kwenda moja kwa moja katika Kombe la Dunia la 2027 huko Australia. Wengi waliitazama Namibia, kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa imeshiriki kila Kombe la Dunia tangu lile la 1999 hadi la 2023. Lakini katika fainali ya tarehe 19 Julai, katika Uwanja wa Mandela huko Namboole, Zimbabwe iliishinda Namibia kwa pointi 30 kwa 28, na hivyo ikajipatia nafasi ya kurudi katika mashindano ambayo haikuwa imeyacheza tangu 1991.

Walioshangaa walikuwa wengi. Je, walikuwa na haki ya kushangaa? Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mashindano hayo hayo na katika mji huu huu, Zimbabwe ilikuwa imeitoa Namibia katika nusu fainali, kisha ikaishinda Algeria kwa pointi 29 kwa 3 na kulichukua kombe. Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yalikuwako tangu 2024. Watu walikuwa wakitazama ukubwa wa jina, na mbingu hawakuitazama.

Ni kweli kwamba yako mambo yasiyoonekana na yeyote. Tarehe 19 Septemba 2015, mjini Brighton, Uingereza, Japan iliishinda Afrika ya Kusini kwa pointi 34 kwa 32, na mwenye akili timamu aliyebashiri hivyo alikuwa adimu. Nayo Afrika ya Kusini ilipolitwaa Kombe la Dunia huko Ufaransa mwaka 2023, ilishinda robo fainali, nusu fainali na fainali kwa tofauti ya pointi moja tu kila mara: 29 kwa 28, 16 kwa 15, na 12 kwa 11. Mkwaju mmoja ukipotoka, historia nzima huandikwa upya. Kwa hiyo mbashiri mwenye adabu husema anachokiona, hutaja sababu zake, kisha huacha mlango wazi.

Tahadhari juu ya uvumi

Jambo jingine linalompotosha mbashiri ni uvumi uliozeeka hata ukavaa sura ya ukweli. Mfano mmoja unatuhusu sana. Wako wanaosimulia hadi leo kwamba Idi Amin aliwekwa mchezaji wa akiba wa timu ya Afrika Mashariki ilipopambana na British Lions mjini Nairobi mwaka 1955. Ni kweli kwamba Lions walicheza Nairobi mwaka huo, na ni kweli kwamba Amin, akiwa askari wa King's African Rifles, alikuwa mchezaji wa raga. Lakini jina lake halimo katika orodha ya timu wala sura yake haimo katika picha yake. Zaidi ya hayo, sheria za mechi za kimataifa za siku hizo hazikuruhusu kubadilisha wachezaji; ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1968. Basi huyo wa akiba angeingia kwa mlango gani? Msomaji atakayeuliza swali kama hilo kila asikiapo habari za mchezaji "hatari" atajiepusha na ubashiri mwingi wa bure.

Ardhi na mvua

Sasa tupime ardhi. Heathens wana maskani yao Kyadondo na Kobs wako Legends. Viwanja vyote viwili viko eneo la Lugogo, na ujirani huo ndio unaoutia moto ushindani wao. Black Pirates wako King's Park, Bweyogerere. Impis wa Makerere huchezea kiwanja kinachoitwa Graveyard, yaani makaburini, jina linalotosha kumweleza mgeni jinsi anavyokaribishwa. Hippos wako Jinja, kilomita zipatazo 80 kutoka Kampala, na kila timu ya Kampala inayokwenda huko hushuka garini ikiwa na miguu iliyokakamaa.

Tunapoitaja Kyadondo, hatuwezi kupita bila kuinamisha kichwa. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu waliokusanyika katika kiwanja hicho kutazama fainali ya Kombe la Dunia la kandanda walipigwa kwa mabomu ya magaidi wa Al-Shabaab. Mkahawa mmoja wa Kihabeshi huko Kabalagala ulishambuliwa usiku huo huo, na zaidi ya watu 70 walipoteza maisha yao. Wale nao walikuwa wapenzi wa mchezo. Raga ilirudi katika nyasi zile. Anayeketi leo Kyadondo na kubishana kwa sauti kubwa juu ya nani atashinda, anafurahia kitu ambacho wengine walinyang'anywa wakiwa mahali pale pale.

Juu ya ardhi kuna mvua. Mechi zitakazoangukia kati ya Machi na Mei zitachezwa katika majira ya masika, mpira ukiwa mzito na wenye kuteleza. Hapo pasi ndefu za wachezaji wa nyuma hupungua, na kazi huhamia kwa wanane wa mbele. Timu inayotegemea mbio peke yake itavuna pointi zake wakati wa jua, kisha itaanza kuzihesabu kwa wasiwasi.

Mahali penye siri ya ubingwa

Hapa tunafika kwenye kiini cha ubashiri wetu. Mtazamaji wa kawaida humpenda anayefunga trai, kwa sababu trai huleta pointi 5 na shangwe, na mkwaju unaofuata huongeza 2. Lakini trai nyingi huzaliwa mbali na mstari, katika skramu, pale wanane wa upande huu wanapofungana mabega na kusukumana na wanane wa upande ule. Wanane wenye wastani wa kilo 100 kila mmoja ni kilo 800, na uzito huo hupita katika shingo na mabega ya watu watatu wa safu ya mbele kabisa. Hao watatu hawaimbwi na mtu.

Kazi yao haifanywi na kila mchezaji. Mmoja akiumia na timu ikawa haina mwingine aliyefunzwa nafasi hiyo, mwamuzi huamuru skramu zifungwe bila kusukumana, kwa usalama wa wachezaji. Papo hapo timu iliyojenga nguvu zake katika skramu hupoteza silaha yake. Na tukumbuke kwamba wengi wa wachezaji wetu si watu wanaoishi kwa raga peke yake. Mchana wako kazini au darasani, na mazoezi huyafanya jioni. Mkuu wa kazi akikataa ruhusa, au mtihani ukiangukia siku ya mechi, safu ya mbele hupungua bila hata jeraha moja.

Kwa hiyo swali letu kwa kila klabu ni hili: mnao watu wangapi wa safu ya mbele? Anayejibu "watatu" atapata mechi nzuri. Anayejibu "sita" atapata ubingwa.

Orodha yetu

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza tunawapa Heathens. Hii ni klabu yenye mazoea ya kutwaa ubingwa, na mazoea hayo huvuta wachezaji kwake, hata benchi lake likawa zito kama kikosi chake cha kwanza. Hatari yao ni mafanikio yenyewe: timu ya taifa inapoita, hupoteza watu wengi kwa mara moja.

Nafasi ya pili tunawapa Kobs. Wepesi wa wachezaji wao wa nyuma haubishaniwi, na katika raga ya watu saba wamelionyesha hilo mara nyingi. Wakifika mwezi wa Machi wakiwa sawa na Heathens kwa pointi, tutaogopa mvua kwa niaba yao. Wakifika wakiwa mbele, orodha yetu itapinduka.

Nafasi ya tatu ni ya Pirates, nasi tunaiandika kwa mkono unaotetemeka, kwa kuwa umbali kati yao na wawili waliotangulia si wa kujivunia. Yeyote anayeshuka Bweyogerere akidhani anakwenda kuokota pointi atarudi mjini mikono mitupu.

Nafasi ya nne tunawapa Hippos, kwa sababu ya Jinja yenyewe. Tunabashiri kwamba angalau mmoja wa wakubwa watatu ataacha ubingwa wake huko, pengine kwa tofauti ya pointi chache. Buffaloes tunawaweka nafasi ya tano, wakiwa timu ya kuwaumiza wakubwa kwa siku moja bila kudumu nao kwa msimu mzima.

Impis hatutawapangia nafasi. Timu ya chuo kikuu ni kama shamba la miche: hulea kwa bidii, kisha miche ikishika, wengine huja kuing'oa na kuipanda kwao. Kila kijana wa Impis anapohitimu, klabu yenye uwezo humngojea langoni. Wakimaliza msimu wakiwa na wachezaji wale wale walioanza nao, huo utakuwa ushindi usioonekana katika jedwali. Nayo raga ya wanawake, yenye klabu kama Thunderbirds na Black Pearls, inastahili makala yake yenyewe.

Kinachopiganiwa

Huenda msomaji akauliza: orodha hii ina faida gani? Kwanza, tuitenge na kamari. Ubashiri wa mpenzi wa mchezo hugharimu heshima yake tu; kamari hugharimu ada ya mtoto. Sheria ya mwaka 2016 imemkataza kijana aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari nchini mwetu, nasi tunaiona kuwa sheria yenye busara.

Pili, ligi hii ndiyo kiwanda cha timu ya taifa. Uganda ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 2007 mjini Antananarivo kwa kuishinda Madagascar pointi 42 kwa 11. Katika raga ya watu saba, vijana wetu walicheza Kombe la Dunia huko San Francisco mwaka 2018 na Cape Town mwaka 2022. Lakini katika raga ya watu 15 hatujawahi kuliona Kombe la Dunia. Miaka miwili mfululizo, 2024 na 2025, tulikuwa wenyeji wa Kombe la Afrika, tukapanga viti na kuchora mistari ya kiwanja, na mara zote mbili fainali ilichezwa na wageni. Mchezaji kwao hutunzwa, wasema wahenga. Sisi tulimtunza mchezaji wa jirani.

Kombe la Dunia la 2031 litachezwa Marekani. Ubashiri wetu wa mwisho, na ulio mgumu kuliko yote, ni kwamba korongo wetu hawatafika huko kwa mbio za pembeni peke yake. Watafika iwapo klabu zetu, kuanzia msimu huu, zitawatafuta vijana wanene wa vijijini na wa shule kama Namilyango College na King's College Budo, zikawafunza kazi ya skramu kwa subira ya miaka, na zikawasemea kwa wakuu wao wa kazi ili wapate ruhusa ya mazoezi.

Msomaji mpendwa, ikate orodha hii na kuihifadhi. Msimu ukiisha, ifungue uilinganishe na jedwali, na palipo na tofauti uitafute sababu kama tulivyoitafuta sisi. Hadi hapo, nenda uwanjani, na skramu ya kwanza itakapofungwa, yaondoe macho yako kwa yule mwepesi wa pembeni. Watazame wale watatu wa mbele.