Bendera iliyokosa mwenyewe: Barua za Kapteni Owen

JE, msomaji wa Langas, umewahi kulipia ploti kisha ukaishi miaka mingi ukiambiwa hati "inakuja"? Kama ndiyo, basi kisa hiki cha Mombasa utakielewa upesi, ijapokuwa bahari iko mbali nasi, na kilianza miaka 100 kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924.

Tarehe 7 Februari 1824, manowari ya Uingereza iliyoitwa Leven ilitia nanga Mombasa. Mkuu wake, Kapteni William Fitzwilliam Owen, alikuwa ametumwa kupima pwani ya Afrika na kuchora ramani za mabaharia. Hakutumwa kutwaa nchi. Lakini alipoitazama Fort Jesus, aliona bendera ya Uingereza inapepea juu yake!

Nani aliipandisha? Ni Wamazrui, watawala wa Mombasa. Seyyid Said wa Oman alikuwa amekwisha kuwanyang'anya Pemba, na sasa merikebu zake ziliutishia mji wenyewe. Mfa maji hukamata maji. Walimwomba Kapteni Vidal, mwenzake Owen, awape bendera, akakataa. Basi wakajitengenezea yao.

Owen alikubali. Siku mbili baadaye mkataba ukatiwa sahihi. Uingereza ingeilinda Mombasa na kuirudishia milki zake za zamani, Pemba ikiwamo. Wamazrui wangeendelea kutawala, ushuru ungegawanywa nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ingekoma. Owen akamwacha Luteni John James Reitz na wanamaji wachache, naye akang'oa nanga.

KALAMU YA BAHARIA

Ndipo zikaanza barua, kwa wakuu wa jeshi la majini huko London na kwa serikali ya Bombay. Owen alitetea alilolifanya kwa hoja mbili kubwa. Kwanza, biashara ya watumwa, aliyoichukia sana, ingepigwa vita vizuri zaidi kutoka Mombasa. Pili, bandari yenyewe ilikuwa bora: yenye kina, iliyokingwa na upepo, na ngome imekaa mlangoni. Manowari haiishi kwa mizinga pekee. Yahitaji maji, chakula na mahali pa kutengenezwa.

Hata hivyo, wakubwa walikuwa na hesabu nyingine. Tangu mwaka 1798 Waingereza walikuwa na mkataba na mtawala wa Muscat, ambaye urafiki wake ulisaidia kuilinda njia ya kwenda India. Je, wamuudhi kwa ajili ya kisiwa kimoja?

Siku hizo barua ilisafiri kwa matanga, ikakawia miezi. Huku nyuma, Reitz alikufa kwa homa mwezi wa Mei mwaka huo huo, hata miezi minne haijatimia. Jina lake limebaki Port Reitz, karibu na bandari ya Kilindini, inakopitia mizigo mingi tunayonunua Eldoret. Baadaye Luteni James Emery alishika nafasi hiyo. Nao wenyeji walianza kunung'unika: ushuru unagawanywa, lakini Pemba haionekani!

Julai 1826 mambo yakaisha. Serikali ya Uingereza haikuukubali mkataba wa Owen, na bendera ikateremshwa. Wamazrui wakabaki peke yao. Seyyid Said akawaandama, hadi mwaka 1837 alipoitwaa Mombasa moja kwa moja na kuwahamisha viongozi wao. Na watumwa? Ilikuwa mwaka 1873 ndipo Sultani wa Zanzibar alipotia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini.

TUJIFUNZE NINI?

Wanafunzi, msidhani Owen alikuwa tapeli. Yaelekea aliyaamini kabisa aliyoyaandika, na ramani zake ziliwafaa mabaharia kwa miaka mingi. Kosa lilikuwa kuahidi kwa jina la serikali ambayo haijamtuma. Alipokataliwa, yeye alikuwa na meli ya kuondokea. Wamazrui hawakuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikujia na karatasi na sahihi nzuri, iwe ni ya ploti, ya mkopo au ya kazi ng'ambo, usiishie kuuliza kama ni mwaminifu. Muulize pia: nani amekutuma, naye amekubali? Na kabla jibu halijafika, usipandishe bendera.