Wati za sabufa na wati za amplifaya: kupatanisha nguvu ya sauti botini

Katika lugha ya madukani, sabufa na amplifaya hutajwa kwa namna moja: "sabufa ya wati 300", "amplifaya ya wati 300". Kwa kuwa mafungu hayo mawili yamejengwa sawasawa, mnunuzi hudhani kwamba yanasema jambo moja. Wati za amplifaya ni nguvu inayotolewa. Wati za sabufa ni nguvu inayoweza kupokelewa bila koili yake kuungua. A-unganifu imeficha tofauti hiyo, na hasara ya kufichwa huko ni kubwa zaidi botini kuliko nyumbani, kwa sababu botini umeme wa muziki mara nyingi hutoka katika betri ileile itakayotakiwa kuwasha injini wakati wa kurudi pwani.

Kitenzi kinachofaa kwa sabufa ni "himili". Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa "hamali" na "himila", na maana ya kubeba mzigo imo ndani yake. Hamali hutajwa kwa uzito anaoweza kuubeba, na hakuna anayedhani kwamba amezaliwa na gunia mgongoni. Vivyo hivyo, sabufa inahimili wati 300, na amplifaya inatoa wati 300. Fundi anayetumia vitenzi hivi viwili amekwisha kumweleza mteja wake nusu ya somo.

Majina ya vyombo vyenyewe yana utata wake. "Kipaza sauti" hutumika kwa chombo cha kusemea na pia kwa chombo kinachotoa sauti, kwa hiyo si jina la kutegemewa katika orodha ya vifaa. "Kikuza sauti" ni tafsiri nzuri ya amplifaya, ingawa mafundi wengi husema "amplifaya" bila wasiwasi. "Spika" ni la ngeli ya I-/ZI- likiwa chombo (spika hii imeungua), na huchukua upatanisho wa viumbe likiwa kiongozi wa Bunge (Spika huyu amechaguliwa). "Sabufa" ni spika ya sauti nzito peke yake, yaani besi, nayo hufuata ngeli ya I-/ZI-.

Wati imepewa jina la James Watt, mhandisi wa Uskoti aliyeishi kati ya 1736 na 1819. Kwenye maboksi huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni wati za kilele, ambazo chombo huzifikia kwa kitambo kidogo mno. Ya pili ni wati za kudumu, ambazo huandikwa pamoja na herufi RMS. Namba kubwa iliyochapwa kwa rangi ya kung'aa kwa kawaida ni ya kilele. Ya kulinganisha ni ya kudumu dhidi ya ya kudumu. Anayelinganisha kilele cha sabufa na nguvu ya kudumu ya amplifaya analinganisha kimo cha mtu na urefu wa kivuli chake.

Hata hivyo, wati peke yake haitoshi. Amplifaya haitoi nguvu moja kwa kila spika; hutoa kulingana na ukinzani inaokutana nao, ambao hupimwa kwa omu, kwa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Ukinzani ukipungua, mkondo huongezeka. Chukua sabufa mbili, kila moja ina omu 4 na inahimili wati 300 za kudumu. Zikiungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya huona omu 2. Zikiungwa kwa mfuatano, umeme upite katika ya kwanza ndipo uingie ya pili, huona omu 8. Amplifaya inayotoa wati 600 kwenye omu 2 huweza kutoa 300 hivi kwenye omu 4, na takriban 150 tu kwenye omu 8. Sabufa ni zilezile. Waya umehama, na nguvu imebaki robo. Kinyume chake ndicho cha hatari: amplifaya iliyotengenezwa isishuke chini ya omu 4, ikiungwa na omu 2, hupata joto, hujizima, au huungua.

Kuna usemi wa mafundi kwamba amplifaya ndogo huunguza spika. Usemi huo ni kweli nusu. Amplifaya ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, muziki huanza kukwaruza, na nguvu inayofika kwenye koili huweza kukaribia mara mbili ya ile iliyoandikwa. Kwa hiyo amplifaya ya wati 250 ikikabwa hivyo huweza kuisukumia sabufa karibu wati 500, na sabufa inayohimili 300 haitastahimili kwa muda mrefu. Lakini ya wati 100, hata ikikwaruza mchana kutwa, haiwezi kufika 300. Itaudhi masikio tu. Kinachounguza ni nguvu iliyozidi, si udogo wa amplifaya. Upatanisho mzuri ni wati za kudumu za amplifaya, kwa omu zilizopo, zikaribiane na zile zinazohimiliwa na sabufa zote kwa jumla.

Kishawishi cha kuongeza nguvu kupita hapo ni kikubwa botini. Ndani ya gari, kuta hurudisha besi kwa msikilizaji. Baharini besi huondoka na upepo. Lakini kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua bila kushangaa, ilhali betri hulipa maradufu.

Hesabu ya betri ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Amplifaya za daraja D hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme kuwa nguvu ya sauti. Ili kutoa wati 600, inahitaji wati 750, na kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 60 hivi. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa chini ya nusu yake, kwa hiyo yapo 50 tu. Kwa nguvu kamili, muziki ungedumu chini ya saa moja. Muziki wa kawaida hupanda na kushuka, na wastani wake ni mdogo zaidi. Ukila theluthi ya mkondo huo, zinapatikana saa mbili na nusu boti ikiwa imetia nanga na injini imezimwa. Injini ndogo za kupachikwa tezini huchaji kwa ampea chache tu, hivyo hazirudishi kilicholiwa. Kwa sababu hiyo betri ya muziki hutengwa na betri ya kuwashia, na fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, si karibu na amplifaya, ili waya ukichunika njiani usiwashe moto. Waya wa shaba uliopakwa bati ni ghali zaidi, lakini ule mtupu hugeuka kijani kwa chumvi, ukinzani wake ukapanda, na wati zilizonunuliwa zikaishia kuwa joto ndani ya waya.

Jambo moja halimo katika namba zozote za boksi. Nyuma ya sabufa kuna sumaku nzito, na sumaku hiyo huivuta sindano ya dira. Kabla ya kutoboa tundu la sabufa karibu na usukani, chombo hushikiliwa mahali kitakapokaa, na mtu wa pili huitazama dira. Sindano ikisogea, sabufa hutafutiwa mahali pengine, hata kama pale palikuwa pazuri zaidi kwa besi.