Singe ya Babu na Tarakimu ya 1907

Katika nyumba za Arua na Koboko ambazo wazee wake walitumikia King's African Rifles, huenda ikahifadhiwa singe ndefu ya Kiingereza, yenye bapa la sentimita 43. Tarakimu 1907 iliyopigwa chini ya taji ni jina la aina yake, wala si mwaka wa kufuliwa. Mwezi na mwaka huo hutafutwa chini yake. Za mwanzo zilikuwa na ndoana kwenye kikinga mkono, iliyoachwa mwaka 1913, na nyingi zilikatwa baadaye. Tundu la kutolea uchafu kichwani mwa mpini liliongezwa mwaka 1916. Walaghai huunga ndoana mpya, basi mnunuzi akague weko. Nawe mwenye nyumba, usiisugue kwa msasa: alama zikifutika, haitambulikani tena.