Hewa Iliyo Kati ya Lenzi na Duma

Miaka kadhaa iliyopita mpigapicha mwenzangu wa Arusha aliniazima lenzi yake ya milimita 600. Nikaingia nayo Serengeti kifua mbele. Siku ya pili, saa tano na nusu asubuhi, tukamkuta duma bonde la Seronera amekaa juu ya kichuguu, yapata mita 150 kutoka barabarani. Alitulia kama aliyelipwa. Nikapiga picha zaidi ya 80. Jioni kambini, nilipozifungua kwenye kompyuta, hata moja haikuwa kali. Manyoya yalikuwa kama yamepakwa uji, madoa yamechuruzika, na jicho, ambalo ndilo roho ya picha, lilikuwa na umbo lake katika kila fremu: hapa duara, pale yai, kwingine limekatika katikati.

Nilimrudishia mwenyewe lenzi yake kwa maneno ya upole, kwamba pengine barabara ilikuwa mbovu ikatikisika ndani. Hakubishana. Alibandika gazeti kwenye ukuta wa uani kwake, akahesabu hatua ishirini, akapiga. Hata tangazo la viwanja, lile la herufi ndogo kabisa, lilisomeka.

"Lenzi haina kosa, kaka," akasema. "Ulipiga saa ngapi?"

Wanaotaka kununua lenzi ndefu huwa hawaniulizi hilo. Huniuliza milimita ngapi. Nitafika kwenye milimita, lakini tumalizane kwanza na duma wangu.

Lenzi ya masafa marefu haimsogezi mnyama. Inachukua kipande chembamba cha yaliyo mbele yako na kukikuza, na ndani ya kipande hicho yumo mnyama pamoja na kila kilicho kati yenu. Jua likipanda, udongo wa mbuga hupata moto kabla ya hewa iliyo juu yake. Hewa inayogusa udongo hupata joto na kupanda kwa mafungu, ile ya baridi ikishuka kuziba pengo. Hewa ya moto na hewa ya baridi hazipindishi mwanga kwa kiasi kimoja, hivyo mwanga unaotoka kwenye jicho la duma unafika kwako umeyumba njia nzima. Ndicho unachokiona ukitazama ukuta wa jirani kupitia juu ya jiko la mkaa. Mnyama akiwa mita 20, mwanga umepita katika hewa kidogo na kasoro haionekani. Akiwa mita 150 umeyumbishwa vya kutosha, na milimita 600 zinayakuza mayumbo yote hayo kwa uaminifu mkubwa. Hakuna kioo cha bei yoyote kinachoyaondoa.

Utajuaje kwamba kosa ni la hewa na si lako? Piga picha kumi mfululizo bila kusogea. Kama umekosea fokasi, zote zitakuwa na kosa lile lile, na mahali fulani mbele au nyuma ya mnyama utaona nyasi kali kama wembe. Kama ni hewa, kila picha ina ugonjwa wake na hakuna kilicho kali popote. Dawa zake ni za kizamani: amka mapema, maliza kazi kabla ya saa tatu, rudi tena saa kumi na moja jioni, au subiri siku ya mawingu. Usipige ukipitisha lenzi juu ya boneti iliyotoka kuunguruma kilomita 40. Na kama mmekaa na vioo juu na kiyoyozi kinavuma, ukishusha kioo ghafla baridi ya ndani inakutana na joto la nje hapo hapo mbele ya lenzi. Shusha, subiri dakika chache, ndipo upige.

Sasa milimita. Kuna hesabu moja ambayo naona ina faida kuliko majedwali yote. Kamera yenye sensa kubwa, ile inayolingana na fremu ya filamu ya zamani, ina sensa yenye upana wa milimita 36. Gawanya urefu wa lenzi kwa 36. Milimita 400 inakupa kama 11: maana yake, kila mita 11 za umbali fremu yako inapanuka mita moja. Simba ana urefu wa kama mita mbili bila mkia, na ukimwachia nafasi ya kupumua unahitaji fremu ya mita tatu. Basi kwa milimita 400 simba wako awe mita 33 hivi. Kwa milimita 600 jibu ni karibu 17, na simba huyo huyo atakaa vizuri akiwa mita 50.

Jaribu hesabu hiyo na kifaru wa Ngorongoro. Ndani ya kreta gari haliachi barabara, na vifaru wana tabia ya kulala mbali nayo. Chukulia yuko mita 300. Kwa milimita 600 fremu inabeba mita 18, na kifaru wa mita tatu anachukua sehemu moja ya sita. Kwenye kamera ya megapikseli 24, ambayo picha yake ina nukta 6,000 kwa upana, kifaru wako ni nukta 1,000. Kwa simu inatosha. Kwa kalenda ya ukutani, hapana, na hapo bado jua halijapanda.

Geuza sasa uende Amboseli. Tembo wanavuka barabara mita 25 kutoka garini. Milimita 600 zile zile zinakupa fremu ya mita moja na nusu kwa mita moja, nawe unatazama dume linalokaribia mita tatu begani. Utapata jicho, kope na nusu sikio. Ni picha nzuri, lakini ukitaka tembo mzima huna pa kwenda: huwezi kurudi nyuma, magari yamekubana, kutoka barabarani ni marufuku, na miguu yako imefungwa ndani ya Land Cruiser. Kwa sababu hiyo namshauri karibu kila anayeanza achukue lenzi ya kuvuta, ya milimita 100 hadi 400 au 100 hadi 500, kabla ya kuota lenzi ya urefu mmoja. Anayependa ndege aende kwenye 150 hadi 600, 180 hadi 600 au 200 hadi 600. Sigma, Tamron, Nikon na Sony wote wametengeneza za aina hiyo, nyingi zikiwa na uzito wa kilo mbili hivi, na ubora wake ungewashangaza waliopiga picha porini miaka ya tisini.

Wenye kamera za sensa ndogo wagawanye kwa 24 badala ya 36. Lenzi yao ya milimita 400 itaonyesha eneo ambalo mwenye sensa kubwa analiona kwa 600. Haijarefuka, sensa imekata kingo tu. Mfukoni, hata hivyo, tofauti inaonekana, na sioni aibu yoyote katika kuitumia.

Kwa nini basi watu wananunua lenzi ya milimita 600 yenye f/4, ambayo mpya inapita dola 12,000 za Marekani? Kwa ajili ya mwanga. Namba hiyo ya f ni mgawanyo: chukua urefu, gawanya kwa f, upate kipenyo cha mlango wa mwanga. 600 kwa 4 ni milimita 150, upana wa sahani ya kisamvu. Kioo cha upana huo kikiwa kisafi hadi pembeni ni kazi ya miezi kiwandani na mzigo begani, ingawa za siku hizi zimeshuka hadi kilo tatu hivi wakati za zamani zilipita tano. Lenzi ya kuvuta ikifika 600 huwa na f/6.3, na hupitisha kama asilimia 40 tu ya mwanga wa f/4. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chui akishuka mtini, mwenye f/4 anapiga kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, nawe uko kwenye moja ya 400, au unapandisha ISO kutoka 1600 hadi 4000 na kukubali chenga. Zamani hasara hiyo ilikuwa kubwa. Programu za kusafisha chenga zimeipunguza sana, na kama hutegemei picha kwa mkate wako wa kila siku, fedha hizo zitakulipia safari nyingi za mbuga. Kumbuka na uzito wa lenzi: ndege ndogo nyingi za kwenda mbugani huruhusu kilo 15 kwa abiria, nguo zikiwemo.

Telekonveta, kile kipande kinachokaa kati ya lenzi na kamera, nitakisema kwa ufupi. Cha 1.4 kinakula nusu ya mwanga, cha 2 kinakula robo tatu. Kwenye lenzi ya f/2.8 au f/4 cha 1.4 kinafaa. Kwenye lenzi ya kuvuta ya f/6.3, kiache dukani.

Mtikisiko ndio unaoharibu picha nyingi kuliko kila kitu nilichotaja, na nusu yake si wa mikono yako. Injini ya dizeli ikiwa inanguruma taratibu, gari zima linatetemeka, na lenzi iliyolala dirishani inatetemeka nalo. Kauli ya kwanza ya mpigapicha garini ni "Dereva, tuzimie kidogo." Ya pili, kwa wenzake, ni kuwaomba watulie, maana gari lenye paa lililofunguliwa huyumba kila mtu akihama upande. Madereva wazoefu hawasubiri kuombwa. Nimefanya kazi na mzee mmoja ambaye huzima hatua chache kabla, akaliacha gari litambae lenyewe hadi mwanga ukae nyuma yetu, kisha husema, "Haya mwanangu, kazi kwako."

Stendi ya miguu mitatu garini ni usumbufu mtupu. Kinachohitajika ni mfuko. Wangu nilishonewa na fundi kutoka mguu wa suruali ya jinzi, una zipu upande mmoja. Nauchukua mtupu, na tukifika Mto wa Mbu nanunua kilo nne za mchele wa pale pale, naujaza robo tatu ili uweze kubonyea. Unaulaza dirishani au kwenye ukingo wa paa, lenzi inazama ndani kama mtoto kwenye mbeleko. Maharage nayo yanafaa, ila hulia kila ukigeuka. Siku ya mwisho mchele unakwenda kwa mpishi wa kambi.

Lenzi nyingi za leo zina kituliza mtikisiko, na kinafanya kazi kweli, lakini kinatuliza mikono yako. Hakimtulizi swala. Mnyama aliyesimama, anza na sehemu moja ya 500 ya sekunde. Anayetembea, moja ya 1,000. Duma anayekimbia au ndege anayeruka, moja ya 2,000 kwenda juu. Na fokasi iwe kwenye jicho. Kwa milimita 600 na f/4, mnyama akiwa mita 15, kina kinachokuwa kikali ni kama sentimita 15 tu. Simba akikuelekea, ukishika pua, macho yanaweza kuwa yamekwenda. Kamera mpya hutafuta jicho zenyewe, ila nyasi ndefu zikipita mbele nazo hudanganyika.

Kuna kitu kingine lenzi ndefu inasifiwa nacho ambacho haikifanyi yenyewe: eti inauvuta mlima. Ukiwa Amboseli, Kilimanjaro iko kilomita zaidi ya 40. Tembo wa mita tatu akiwa mita 30 kutoka kwako, yeye na mlima huonekana na kimo kinachokaribiana. Akiwa mita 150, tembo amepungua mara tano na mlima haujapungua chochote. Umbali ndio uliofanya kazi. Lenzi imekuja kukuza kilichokwisha kupangwa. Kwa hiyo anayetaka mlima mkubwa nyuma ya tembo asiwakaribie. Awaache waende mbali, na awahi alfajiri kabla mawingu hayajafunika kilele.

Na yupo aliyeamua kinyume chake kabisa. Mwingereza Nick Brandt, ambaye picha zake za tembo wa Amboseli zimezunguka dunia, hakutumia lenzi ndefu. Alikwenda na kamera ya filamu ya Pentax 67 na lenzi fupi, akawa anasubiri mpaka wanyama wamkubali karibu, ili mbingu na ardhi viingie katika picha pamoja nao. Ni njia ya mtu mwenye majuma ya kusubiri. Mgeni wa siku tatu hana majuma hayo, ila somo la umbali analihitaji kama mimi nilivyolihitaji kwa duma.

Mwaka jana nilikuwa na mgeni wa aina hiyo, mwenye 600 ya f/4 mpya kabisa. Tulisimama kula mlima wa Naabi, kwenye lango la Serengeti, ambako kwezi wamezoea watu kiasi cha kukanyaga sahani. Mmoja akatua ukingoni mwa meza yetu, mgongo wa buluu unang'aa, tumbo rangi ya kutu, jicho jeupe limetukodolea. Mgeni akainua lenzi. Haikushika, ilihitaji zaidi ya mita nne. Akarudi hatua mbili. Haikushika. Akarudi nyingine tatu, macho hayatoki kwenye kamera, mpaka mgongo ukagota meza ya nyuma, walikokuwa wameketi kina mama wa kikundi kutoka Musoma. "Pole, baba," mmoja akamwambia, akamsogezea benchi. Halafu akanyoosha simu yake juu ya kontena la pilau, akampiga kwezi mara moja, akaendelea kula.