Land Rover ya Zamani: Magurudumu, Springi na Viti

Mkulima, kiwanda cha Uingereza kiliacha kutengeneza Land Rover za springi za mabamba mwaka wa 1985, lakini ziko ambazo hata leo hubeba maziwa na mbolea. Ukitaka kuitengeneza yako, angalia haya.

1. Magurudumu. Ukitia tairi kubwa kuliko za kwanza, geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone kama zinakwaruza. Tena jua kuwa saa ya mwendo itapunguza: utakwenda mbio kuliko isemavyo.

2. Springi. Badili mbili za ekseli moja pamoja, ama gari litalala upande. Bolti za bushi usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishushe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo uzikaze. Ama sivyo mpira wa bushi utapindika na kukatika upesi.

3. Viti. Hapa ndipo penye hatari. Katika Land Rover fupi, ya inchi 88, tangi ya petroli iko chini ya kiti cha kulia, yaani cha dereva wetu. Usitoboe wala kuchomelea chuma kabla fundi hajaitoa tangi na kuiweka mbali. Usidanganyike kwa kuwa ni tupu: mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Baada ya safari ya kwanza, kaza tena nati zote za magurudumu.