Mtafiti akija kilabuni, muulize mbu wa jioni

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walianzisha Pint of Science: kila Mei wanasayansi huingia baa, wakaeleza kazi zao, na mnywaji yeyote akauliza. Mtindo huo ungeifaa Lupiro, wilayani Ulanga, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imechunguza mbu kwa miaka mingi. Tena kilabuni ndiko swali lenyewe liliko.

Mbu aina ya Anopheles funestus, anayeeneza sehemu kubwa ya malaria bonde la Kilombero, hupenda kuuma ndani, usiku watu wamelala. Hapo chandarua kinasaidia. Lakini Anopheles arabiensis huuma hata nje, tangu jioni. Mtoto aliye mgongoni mwa mama anayeuza pombe hadi saa 4 usiku, chandarua chake kiko nyumbani.

Afanyeje mama huyo, zaidi ya kumvika nguo ndefu? Mtafiti alijibu hilo, bia au soda mkononi.

Homa nayo haiji usiku uleule. Huchukua wiki moja au zaidi. Mtoto akichemka, mzazi, usibahatishe dawa. Mpeleke kituoni apimwe ndani ya saa 24.